Nyasi za Kudumu

Mashada mawili ya nyasi yalikuwa yamelazwa juu ya sinia, na sinia limewekwa juu ya mapaja ya mzee, na kwa kitambo kizima mzee hakuyagusa. Aliyatazama kama mtu anayetazama barua yenye mwandiko anaoujua. Kisha mkono wake wa kushoto, ule ambao bado ulimtii, ukainuka taratibu, ukaelea kidogo hewani, ukashuka. Vidole vikashika shada la nyasi za Rhodes. Vikalibana, vikalisokota polepole, vile vile alivyofanya zamani akiwa amesimama katikati ya malisho, akipima unyevu wa majani kabla ya kutamka kama leo ni siku ya kufyeka au si siku yake.

“Basi,” akasema mzee.

Kitinda, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega la baba yake, aliliondoa lile shada jingine juu ya sinia kwa faraja.

Neno hilo moja ndilo lililobaki. Kiharusi kilipomwangusha mzee mlangoni pa zizi, miezi saba nyuma, kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikazoa na maneno yote aliyoyakusanya kwa miaka sabini na sita, kisha, kama mwizi aliyeingiwa na haya, kikamwachia moja. Palikuwa na basi ya uji umetosha. Palikuwa na basi ya maumivu. Palikuwa na basi ya karibu mgeni, na basi ya kuuliza mgeni huyu anaondoka lini. Zote zilitoka kwa sauti ile ile, na wa kuzipambanua alikuwa Kitinda peke yake.

Jina lenyewe lilikuwa kipande cha kitindamimba. Alipewa akiwa mtoto wa mgongoni, na sasa alikuwa na miaka arobaini na minne na mvi kadhaa juu ya masikio, na hakuna aliyewahi kufikiria kumpa jingine. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa maktaba ya chuo, mjini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitabu kimerudi mahali pake na kwamba anayekitafuta atakikuta. Alikuja nyumbani na begi moja, kwa likizo ya wiki mbili. Likizo ilikuwa imegeuka kuwa maisha, na begi lilikuwa bado chini ya kitanda, halijafunguliwa mfuko wa pembeni.

Uuguzi aliumudu. Ng'ombe kumi na mmoja aliwamudu pia, kwa sababu palikuwa na mkamuaji wa siku nyingi, mwanamume mrefu, mkavu, ambaye kila mtu alimwita Ndoo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Kilichomshinda ni shamba la chini.

Mzee alikuwa ameliacha shamba la chini kama mtu aliyekatizwa akizungumza. Malisho ya zamani yalikuwa yamechakaa. Magugu na miba vilikuwa vimeyameza, na wiki chache kabla ya kuanguka mzee alikuwa ameyang'oa yote, akalima mara mbili, akasawazisha. Ekari sita za udongo mtupu, mwekundu juu, mweusi kuelekea chini, zikingoja mbegu. Mbegu gani, hakumwambia mtu. Hakuwa mtu wa kuambia watu. Alikuwa anatoka asubuhi, anarudi jioni, na wewe unajua ameamua nini kwa kuona kilichoota.

“Mahindi ukikosea, umekosea msimu mmoja,” muuza mbegu alikuwa amemwambia dukani kwake, yule ambaye miwani yake iliyoning'inia kwa kamba ilikuwa imempatia jina la Profesa. “Hizi ni nyasi za kudumu, Kitinda. Unapanda leo, unafyeka miaka sita, saba, huna haja ya kununua mbegu tena. Lakini ukikosea, kila asubuhi utaamka utazame kosa lako.”

“Kwa hiyo nipande ipi?”

Profesa alivaa miwani, akaivua. “Ukitaka nyasi kavu ya kuweka ghalani, Rhodes. Shina lake jembamba, siku tatu za jua imekauka, unafunga marobota, ng'ombe anakula hadi kamba. Ila haipendi kusimama kwenye maji. Setaria inavumilia maji, tena vizuri, lakini ina shina nono. Kuikausha ni kazi, mvua ikikunyeshea imeoza. Sasa inategemea shamba lako. Mzee alikusudia nini?”

“Hakusema.”

“Muulize.”

“Profesa, mzee hasemi.”

“Mdomo ndio umefungwa,” Profesa alisema kwa upole, akitoka nyuma ya kaunta. “Akili imo. Yule mzee anaujua udongo wake kuliko mimi ninavyojua duka langu.” Akaenda uani, kwenye vitalu vyake vya mfano, akamkatia shada la kila aina, akayafunga kwa uzi.

Hivyo ndivyo walivyosema wote. Kaka yake mkubwa alipopiga simu, kama alivyopiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, alisema, “Muulize Baba. Mimi niko mbali huku, nitakuambia nini?” Ni Ndoo pekee aliyekuwa na wazo lake mwenyewe, na alilitoa akiwa ameinama chini ya ng'ombe, maziwa yakipiga bati.

“Pale chini maji hukaa, dada. Si kila mwaka. Lakini yakija, hukaa kama mgeni aliyekosa nauli. Mimi ningeweka setaria.”

Vijitabu alivyovisoma Kitinda vilisema hivyo hivyo. Udongo mweusi, mzito, wa bondeni: setaria. Alikuwa amevipigia mistari kwa penseli. Na moyoni alikuwa amekwisha kukubaliana na vijitabu na Ndoo, mpaka mkono wa baba yake uliposhuka juu ya sinia na kuchukua Rhodes.

Mtu wa maktaba haamini chanzo kimoja. Kesho yake aliyalaza mashada tena, na keshokutwa tena. Kila mara alisimama nyuma ya bega la mzee, akayapanga kwa jinsi mikono yake ilivyopanga vitu kwa miaka kumi na tisa, Rhodes kwanza, setaria ifuatie, wala hakujua kwamba anayapanga, kama mtu asivyojua hutanguliza mguu upi akitoka mlangoni. Mara tatu mzee alichukua Rhodes. Mara tatu alisema basi.

“Mzee amechagua,” alimwambia Ndoo.

Ndoo alitazama vidole vyake vya miguu. “Amechagua?”

“Mara tatu.”

“Haya. Kama ni mzee.” Akabeba ndoo yake akaenda.

Ukweli ni kwamba Kitinda alikuwa na furaha, na furaha ile haikuhusu nyasi. Katika nyumba hii yeye alikuwa mtoto wa kupelekwa shule. Kaka yake ndiye aliyefundishwa kushika mpini, kutega mtego wa fuko, kusikia kwa harufu kwamba majani yameanza kuchacha ghalani. Yeye aliambiwa kasome. Hakuna siku baba yake alimwita shambani akamwambia, tazama hapa. Sasa, baada ya kupoteza maneno yote, mzee alikuwa amezungumza naye juu ya udongo. Alikuwa amemjibu. Kitinda alitembea siku zile kama mtu aliyekabidhiwa funguo.

Walipanda mvua za kwanza zilipoanza. Mbegu za Rhodes ni nyepesi kama makapi, zina manyoya, zinanata vidoleni; wakazichanganya na mchanga mkavu ili zipate uzito, wakazitupa kwa mkono wakitembea sambamba, yeye na Ndoo, kisha wakaburuta tawi la miba juu ya udongo ili zifunikwe kidogo tu. Siku ya kumi na mbili zikaota. Kitinda akamsukuma baba yake hadi kwenye uzio. Kiti kilikwama mara mbili njiani, mara ya pili akalazimika kukivuta kinyumenyume kama toroli la kuni, wote wawili wakihema, na walipofika, shamba zima lilikuwa na ukungu wa kijani, mwembamba kiasi kwamba ukikaza macho unapotea.

“Unaona, Baba?”

“Basi,” alisema mzee, na Kitinda akalisikia neno hilo kama pongezi.

Mvua kubwa ilikuja wiki ya saba. Haikuwa na radi wala vishindo. Ilinyesha tu, siku tisa, kama mtu aliyeanza kazi na hana pa kwenda. Maji hayakutiririka kutoka juu kama alivyotarajia. Yalipanda kutoka chini, kimya kimya, kati ya miche, mpaka nusu ya chini ya shamba ikawa inaakisi mawingu. Kitinda na Ndoo walichimba mifereji, matope yakirudi kila koleo lilipotoka. Siku ya tatu ya kuchimba Ndoo aliegemea mpini wake, akatazama mfereji ambao ulikuwa umejaa hadi ukingoni na hauendi popote.

“Tunayahamisha tu, dada,” alisema. “Hayana pa kushukia.”

Hakusema nilikuambia. Hakulisema siku ile wala siku nyingine yoyote, na Kitinda angetoa chochote alichokuwa nacho alisikie, apate kugombana na mtu.

Miche ilianza kuwa ya njano kwenye ncha. Bado palikuwa na muda wakati ule. Mvua ilipokatika, Profesa alituma ujumbe: nina setaria ya kutosha, ukiamua wiki hii, ukapanda upya maji yakipungua, utawahi mwisho wa msimu. Kitinda aliusoma ujumbe mara mbili. Kisha akaenda kibarazani alikokuwa amekaa baba yake, akachutama mbele ya kiti.

“Baba, shamba lina maji. Rhodes inageuka njano. Itapona?”

Mzee alimtazama. Macho yake yalikuwa safi, makavu, ya mtu mwenye akili zake.

“Basi,” alisema.

Itapona, alisikia Kitinda. Subiri. Akamwandikia Profesa kwamba wanasubiri. Alijiambia kwamba baba yake asingechagua mara tatu kitu asichokijua, kwamba lazima pana jambo katika udongo ule, mwamba, mkondo, kumbukumbu ya mwaka fulani, ambalo kijitabu hakina na mkamuaji hana. Alisubiri siku kumi na sita. Maji yalipokauka yaliacha utando mweusi wenye nyufa, na miche imelala juu yake kama nywele zilizoanguka kinyozini. Ekari nne kati ya sita. Ilipopigwa na jua ilinuka, na harufu ikapanda hadi kibarazani, na mzee akawa anavuta pumzi puani, mara moja, mara mbili, akitafuta inakotoka.

Wakati huo msimu ulikuwa umekwisha. Profesa hakutuma ujumbe tena.

Mwezi uliofuata hospitali ikampeleka kwao dada wa mazoezi ya viungo. Kitinda alikuwa ameomba tangu mzee atoke wodini. Kwa muda wote ule alikuwa akifuata karatasi moja yenye michoro ya mtu asiye na uso anayeinua mguu. Dada wa mazoezi alikuwa msichana mwenye mwili imara na sauti ya kuchangamsha, aliyefika saa saba mchana wakati mzee akimalizia chakula. Alivuta kigoda akakaa, akasema hana haraka, mzee ale kwanza.

Mzee aliweka kijiko chini. Kitinda akanyoosha mkono kuchukua sahani.

“Huwa anabakisha hivi?” aliuliza dada wa mazoezi.

“Kila siku.” Kitinda alitabasamu. “Ananibakishia mimi. Tulipokuwa wadogo alikuwa hivyo hivyo, akitoka shambani hamalizi sahani, anatuachia nusu mimi na kaka. Hajaacha.”

Msichana hakutabasamu. Alikuwa anatazama sahani. Wali ulikuwa umeliwa upande wa kushoto hadi bati likaonekana, na upande wa kulia ulikuwa haujaguswa, maharage yake juu, na kati ya pande hizo palikuwa na mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula.

“Samahani, dada,” akasema, akanyoosha mkono, akaizungusha sahani nusu mzunguko.

Mzee aliangalia chini. Uso wake ulishtuka kidogo, kwa namna ya mtu aliyeletewa sahani ya pili asiyoitarajia. Akachukua kijiko. Akala. Alikula bila kuinua kichwa, haraka, kijiko kikigonga bati, mpaka punje ya mwisho.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Msichana alichukua kalamu, akaisogeza polepole mbele ya macho ya mzee kutoka kushoto kwenda kulia, na katikati ya uso, pale pua ilipo, macho ya mzee yaliiachia kalamu kana kwamba imezimwa. Akajaribu tena kwa kidole. Akajaribu kwa funguo.

“Upande wa kulia haoni,” alisema. “Macho yenyewe ni mazima. Ni ubongo, pale pale palipoumia. Na tatizo ni kwamba yeye hajui kama haoni. Kwake upande huo haupo. Hakuna pengo, hakuna giza. Dunia yake inaishia hapa.” Akaweka kiganja wima mbele ya pua ya mzee.

“Tangu lini?”

“Tangu siku aliyoanguka, nadhani. Hawakuwaambia?”

“Hawakutuambia.”

“Basi kuanzia leo kila kitu muwekee kushoto. Mkimwita, mwiteni kutokea kushoto. Na mzoee kumgeuza kichwa, hilo tutalifanyia mazoezi.”

Kitinda alikuwa amesimama na sahani tupu mkononi. “Mtu akimwekea vitu viwili,” aliuliza, na sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza bei. “Kimoja kushoto, kimoja kulia. Amwambie achague.”

“Atachukua cha kushoto. Ndicho alichonacho.”

“Hata ukimwuliza mara tatu.”

“Hata mia, dada,” alisema msichana, kwa wema, akifungua begi lake.

Kitinda alikwenda jikoni, akaweka sahani kwenye karai, akashika kingo za meza. Mikono yake ilikuwa mbele yake, na aliitazama kama mikono ya mtu wa pembeni. R kushoto, kisha S kulia, kama vitabu rafuni. Alijaribu kufikiria ekari nne zilizooza, akashindwa, kwa sababu kilichomjia kilikuwa kingine. Miezi kumi alikuwa amechukua sahani ile akaila pale pale kwenye meza hii, akiwa amesimama, nusu iliyobaki, akimshukuru baba yake kimoyomoyo. Mzee alikuwa akishinda na njaa, naye akila chakula chake.

Alimsikia baba yake kule ukumbini akisema basi, na msichana akicheka, akijibu, “Bado, mzee wangu, mara tano tena.”

Nyasi kavu za shamba la juu zingetosha ng'ombe saba hadi mvua zijazo, na hata hao kwa kubana. Walihesabu marobota ghalani mara mbili, yeye na Ndoo, hesabu ikagoma kubadilika. Jumapili kaka yake alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. “Wanne waondoke,” alisema. “Usimwambie Baba. Utamuua.” Kisha akaongeza, “Si kosa lako, Kitinda,” na alivyolisema ilikuwa wazi kwamba naye alikuwa amelitafuta kosa la mtu mwingine akalikosa.

Lori lilikuja asubuhi, umande haujakauka. Dereva alilirudisha nyuma hadi kwenye tuta la kupakilia, ambalo lilikuwa mkono wa kulia wa kibaraza. Mzee alikuwa amekwisha kutolewa nje kuota jua, kama kila siku. Kitinda alikuwa amesahau kumwacha ndani siku hiyo, au alikuwa ameacha kukumbuka. Alisimama nyuma ya kiti, mikono kwenye vishikio.

Mbele ya mzee, kushoto, palikuwa na hori la maji, kuku wawili, na mlango wa ghala. Hiyo ndiyo ilikuwa dunia yake asubuhi ile, na ilikuwa tulivu. Nyuma ya ule ukuta usioonekana, hatua kumi na tano tu, Ndoo alikuwa akimpandisha mtamba wa kwanza kwenye tuta, akimsemesha kwa sauti ya chini. Wa pili akafuata. Ndoo alimtupia Kitinda jicho, na Kitinda akalielewa: ukikaa kimya, imepita. Mzee hatajua. Jioni wangemsogeza karibu na zizi upande unaofaa, angeona ng'ombe anaowaona, wengine wangekuwa hawapo kama vile nusu ya ulimwengu isivyokuwapo. Hakukuwa na kazi rahisi kuliko hiyo. Ilitaka tu asifanye kitu.

Ng'ombe wa tatu aliteleza kwato kwenye ubao, akapiga ukelele.

Kichwa cha mzee kiliinuka. Alikuwa amesikia, masikio hayakuwa na pande. Alianza kumtafuta. Alitazama hori, akalipita, akaenda kushoto, kwenye mlango wa ghala, akaenda kushoto zaidi, kwenye uzio, shingo ikijinyonga, mishipa ikimtoka, akimtafuta ng'ombe wake kila mahali ambapo hakuwepo. Alipofika mwisho wa shingo alibaki hapo, macho yamemtoka.

Kitinda alikaza mikono akakigeuza kiti.

Magurudumu yalikwaruza sakafu. Lori likaja kwenye macho ya mzee lote kwa pamoja: kichwa, bodi, tuta, Ndoo na kamba yake, na mwishoni mwa kamba wa nne, Baka, ng'ombe mzee kuliko wote, mwenye waa jeupe kiunoni, ambaye mzee mwenyewe ndiye aliyemtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono miwili. Kitinda alizunguka akachutama kushoto kwa baba yake.

“Tunawauza wanne, Baba. Nyasi hazitoshi. Shamba la chini lilioza. Nilipanda Rhodes kwenye maji. Nilidhani wewe umeniambia.”

Mkono wa mzee uliinuka kutoka kwenye kiti. Ulibaki hewani, umefunguka, vidole vimeachana, naye Baka akapanda tuta bila shida, taratibu, kama anayeingia nyumbani kwake.

“Basi,” alisema mzee.

Kitinda alingoja. Alingoja maana ije yenyewe kama ilivyokuja siku zote, imekwisha kuiva, ikiwa na sauti ya baba yake ndani yake: waacheni, au inatosha, au umefanya nini mwanangu, au nimesamehe. Zote zilikuwapo. Angeweza kuokota yoyote na ingemfaa. Ndoo alifunga bodi la lori, komeo likagonga.

“Sijui umesema nini, Baba,” alisema Kitinda. “Sijui.”

Mzee aligeuza macho akamtazama binti yake, na alimtazama kwa muda mrefu, hadi lori lilipokwisha kutoka getini na vumbi lake kutua. Mkono wake ulishuka, haukurudi pajani. Ulitua begani kwa Kitinda, mzito, na kama ulikuwa unamshika au unamsukuma ili ainuke, au ulitafuta tu mahali pa kupumzika, hakuna aliyeweza kusema.

Kiangazi kilikuwa kirefu lakini hakikuwaua. Ng'ombe saba walifika mwisho wake mbavu zikihesabika. Mzee alinenepa kidogo. Dada wa mazoezi alimfundisha kugeuza kichwa akiguswa kidevu, na siku nyingine aligeuza, siku nyingine hakugeuza. Maktaba iliandika barua ya kuuliza kama atarudi. Kitinda aliijibu kwa mistari mitatu, na baada ya kuituma alifungua mfuko wa pembeni wa begi, akakuta kalamu zake, na pipi iliyoyeyuka.

Mawingu yalipoanza kukusanyika alikwenda dukani. Profesa aliitafuta miwani kifuani.

“Karibu, Kitinda. Safari hii mzee anasemaje?”

“Mzee hasemi.”

Profesa aliivaa miwani.

“Nipe setaria ya ekari nne. Na Rhodes kidogo, ya kuziba mapengo kule juu ambako haikufa.”

“Una hakika?”

“Hapana,” alisema Kitinda.

Walipanda Alhamisi, mapema, kwa sababu mbegu za nyasi hazipandwi kwenye upepo na asubuhi ndiyo yenye utulivu. Mzee alibaki kibarazani, akitazama bonde. Kipande kipi cha bonde, Kitinda hakujua, na hakujaribu kukisia. Yeye alianzia ukingo wa chini, Ndoo wa juu, wakitembea kukutana. Udongo ulikuwa umelainika vizuri. Mifereji mipya, iliyochimbwa kiangazi chote kuelekea korongoni, ilikuwa mitupu.

Walipokutana katikati Ndoo alisimama kufuta jasho. Alitazama mbinguni, ambako mawingu yalikuwa yamepungua tangu jana.

“Setaria inapenda maji, dada.”

“Najua.”

“Mwaka huu yasipokuja?”

“Tutakuwa tumekosea kwa upande wa pili.”

Ndoo alikubali kwa kichwa, kama aliyejibiwa jambo la maana, akageuka akaendelea na mstari wake. Kitinda naye akageuka. Alikuwa amebakiwa na kipande cha mwisho, kona ya chini kabisa, pale ambapo udongo ni mweusi kuliko kwingine kote. Aliingiza mkono kwenye kapu akatoa konzi ya mbegu, akaunyoosha mkono, na upepo ukaja.

Haukuwa mkali. Ulitoka bondeni, ukainua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, ukalaza magugu ya ukingoni, ukaendelea.

“Ngoja utulie!” Ndoo alipaza sauti kutoka mbali.

Akangoja. Aliurudisha mkono kifuani, ngumi imefungwa. Mbegu zilikuwa nyepesi kiasi kwamba hakuweza kujua, kwa kuhisi tu, kama bado zimo. Upepo ulipungua, ukaongezeka, ukapungua. Kitinda alisimama kwenye udongo uliotifuliwa, miguu ikizama kidogo kidogo, na hakufungua vidole kutazama.